Mama-Mukwe wa Miiba

Jumatatu, 6 septemba 1976
Maji ya kuoshea ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kwenye shina la ua langu la ukutani, kama kila asubuhi. Yananuka vibaya. Anayapenda. Paka wa avenu nzima wanakuja kulamba udongo, nawatupia mawe. Mumoja nimemupata mbavuni, amelia kama katekista.
Nimepunguza matawi ya zamani. Mwezi huu hana hata jani moja. Kiangazi kinamuvua nguo zote, anabaki mifupa, juu ya ukuta na juu ya baraza. Muntu asiyemujua anasema amekufa. Miiba yake ni midogo, imepinda kama ndoano na inaangalia chini. Ukiingiza mukono inakubali, ukitoa inakataa. Mikono yote damu mpaka kwenye viwiko.
Njo maana nilimupa jina Mama-mukwe. Muzuri ukiwa mbali, na hauna ruhusa ya kumugusa. Feza, marehemu muke wangu, njo alimuleta, kitawi kimoja ndani ya kitambaa, kutoka kwa Madame mumoja wa garini, kule stesheni, ambaye Feza alikuwa anamufulia nguo. Aliposikia jina alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake hakucheka.
Mbayo, jirani yangu, amechungulia juu ya ukuta. «Weye mbuzi, bado unanywesha maiti?» Nimemumwagia maji yaliyobaki kichwani. Siku imeanza vizuri.

Alhamisi, 9 septemba
Kilufya amekuja, sefu wa avenu, kiongozi wa mutaa wetu. Nilimujua akikojoa kitandani. Leo ana abakosti, koti la wakubwa, na fimbo. Mukubwa wa serikali anakuja kutoka Lubumbashi, barabara yetu inatakiwa ing'ae. Kila kichaka cha miiba king'olewe na mizizi, shimo limwagwe mazutu, mafuta ya lori, lichomwe. Eti nyoka wanalala humo. Nisipong'oa mwenyewe, vijana wake watang'oa Jumamosi kwenye salongo, kazi ya lazima ya watu wote.
Nimemwambia hiki si kichaka, ni maua. Akasema nimuonyeshe ua. Nikaangalia juu: mifupa. Nikamwambia mvua ikinyesha utaona ua la rangi ya ua la bilingani, lakini kubwa, mashada sawa zabibu, ni ndugu yake bilingani ila huyu hazai, anavaa tu. Nikamwambia rudi mwezi wa kumi na mbili, uje na muke wako, yeye ana macho.
Amenipiga kofi mbele ya watu. Jino limetoka. Lilikuwa limeshaanza safari, lakini si yeye wa kulikatia tikiti. Nilifanya kazi ya reli maisha yote na hakuna muzungu aliyenipiga usoni. Mutoto wa jana amenipiga.
Mbayo alikuwa pale. Amecheka. Ameokota jino, ameweka mufukoni, amesema atanirudishia siku ya kunizika.
Haki yake. Yeye ni wa ukoo wa chui, mimi wa ukoo wa mbuzi. Chui anakula mbuzi, njo tukawa watani tangu mababu. Anaweza kunitukana, kuchukua kuku wangu, kutema mate ndani ya mboga yangu. Mimi vilevile kwake. Hakuna kukasirika. Na siku ya kifo mutani njo anachimba kaburi, njo anaosha mwili. Feza alipokufa, Mbayo alilala ndani ya shimo akakataa kutoka mpaka wamupe chupa ya lutuku, pombe kali. Watu walilia na kucheka pamoja. Bila mutani, muntu anatupwa tu kama mbwa.
Sheria ni moja. Utani hauna damu.

Ijumaa, 10 septemba
Kichwa kinauma upande wa kofi.
Nimenoa panga. Nimejaribu kwenye ndizi. Nimenoa tena. Atakayemugusa Mama-mukwe namukata. Kilufya akiwa wa kwanza, vizuri zaidi. Nimefikiria pa kumukata. Shingo yake ni nene, nitaanzia goti.

Jumamosi, 11 septemba
Mwandiko mubaya. Naandika kwa haraka, watakuja kunichukua.
Vijana wa Kilufya walitupanga sisi wazee kuchimba mufereji karibu na stesheni. Walininyang'anya panga, wakanipa jembe. Nilikwepa mapema kupitia nyuma ya soko.
Nimefika lopango, kiwanja cha nyumba yangu. Baraza ina jua. Hata kivuli hakuna. Mama-mukwe yote chini, katikati ya njia, rundo kama nyoka waliouawa. Na juu ya ukuta nani? Mbayo. Panga mukononi, shati imechanika, damu mikono yote. Anaimba.
«Nimekuonea huruma, mbuzi. Nimekuzikia mama-mukwe wako bure.»
Sikusikia kingine. Nilikamata mpini wa jembe. Pigo la kwanza begani. Akaanguka kutoka ukutani. La pili kichwani. Kichwa kilifunguka, niliona kweupe kabla damu haijafika. Alitupa panga lake mbali na yeye mwenyewe. Hakuinua mukono. Nilipiga la tatu, sijui lilifika wapi. Nilitaka afe. Naandika kweli: nilitaka afe.
Hakupiga kelele. Aliniangalia kama vile muntu anamwangalia mugeni aliyekosea nyumba.
Wanawake walilia, vijana wa Kilufya wakarudi mbio kutoka lopango za mbele. Walinipiga mateke, wakamubeba Mbayo kwa pusu-pusu, mukokoteni wa soko, hadi dispanseri. Kisha Kilufya akawaamuru waondoe matawi kwa mikono. Ndoano zikafanya kazi yake. Mumoja alishikwa shingoni, akavuta, akavutika zaidi, akalia akiita mama yake. Mwingine amechanika sikio. Mama-mukwe amekufa akipigana.
Wanakuja.

Jumatatu, 13 septemba
Niko nyumbani. Naandika nikiwa nimelala kwa tumbo.
Kasho ya avenu, mahabusu yao, ni stoo ya simenti. Unapumua simenti. Walinipiga na mukanda uliolowekwa maji, asubuhi na jioni. Wa asubuhi alikuwa na nguvu, wa jioni alikuwa amekunywa, alipiga ukuta mara nyingi kuliko mimi. Nilimwambia ukuta una watoto, amuhurumie. Akanipata.
Leo Mbayo amekuja. Kichwa kimefungwa pansima, bendeji, mpaka kwenye jicho, uso umevimba sawa mukate. Amesimama mbele ya Kilufya. Amesema kwa sauti ya chini: «Papa Kisimba hakunipiga. Nilianguka ukutani.» Kilufya akamuuliza kama ana wazimu. Akarudia vilevile.
Papa Kisimba.
Tangu tukiwa watoto tunavua kwenye muto Lukuga, hajawahi kuniita Papa, kwa heshima, kama mugeni. Mbuzi, nyama, mavi ya mbuzi, mukia. Hata kanisani.
Tumetembea njia moja kurudi. Nimemwambia pansima inamupendeza, afungwe na kwenye mudomo. Amesema: «Ndiyo, Papa.» Ameingia kwake, amefunga mulango polepole.
Afadhali mukanda.

Jumatano, 15 septemba
Leo nimeweza kusimama. Nimeenda kwenye shina, nimutupie macho ya mwisho.
Sikukuta shimo wala mazutu. Nimekuta chungu kikubwa kilichopasuka, kimefunikwa juu yake. Nimekiinua. Shina liko pale, urefu wa goti, limekatwa safi kwa mushazari ili maji yasisimame juu. Pembeni mavi ya ng'ombe, yamekandamizwa kwa mukono.
Nimemuita Mama Sango, jirani wa mbele anayekaanga mikate. Akasema, kumbe hauna habari? Vijana walikuja na sururu na kopo la mazutu. Mbayo alikuwa ameshawatangulia, amekata matawi yote, amefunika shina, amekaa juu ya chungu. Akawaambia hii ni mali ya mutani wake, kwa hiyo ni yake, amekwisha kuisafisha, na atakayetaka kuchimba aanzie kwenye matako yake. Akaanza kufungua suruali awaonyeshe pa kuanzia. Walicheka, wakaenda mbele. Yeye akapanda ukutani kumalizia kitawi cha mwisho. Halafu ukafika wewe.
Mama Sango amerudi kwa mikate yake.
Kwa nini hakuniambia? Mutani gani anasema nimekusaidia? Anasema nimekuzikia mama-mukwe wako. Nilipaswa kujua. Mutoto mudogo angejua.
Nimekula udongo kidogo. Sijui kwa nini. Nimetema.

Jumapili, 26 septemba
Wazee wa pande mbili wamekaa. Damu ya utani inaoshwa kwa mbuzi na unga mweupe. Nimeleta beberu niliyemupata kwa muntu mumoja wa kule Pepa, mukubwa, mwenye ndevu kuliko zangu. Nilimushika miguu mwenyewe wakati wa kumuchinja. Alipigana vibaya, alinipiga kwato kwenye jeraha la mugongo. Damu imenirukia machoni. Nilikubali.
Walinipaka unga usoni, wakanikalisha chini mbele ya watu.
Chui wote wamekula. Nilingoja. Kwa kawaida wangesema nyama ya ndugu yako ina chumvi kidogo, wangeniuliza huyu alikuwa baba mukubwa au baba mudogo, wangenitupia pembe. Nilikuwa na majibu tayari.
Wamekula kimya. Mbayo amenawa mikono. «Asante kwa chakula, Papa.»
Wazee wanasema imeisha. Haijaisha. Nitakufa, na watakuja kunizika watu wenye adabu.

Jumamosi, 2 oktoba
Mukubwa wa Lubumbashi hakufika. Wanasema alipita Kabalo, akachoka, akarudi. Mufereji wetu umeshajaa taka.
Kilufya ana jipu kwenye kidole, pale muiba wa Mama-mukwe ulikatikia ndani siku ile. Amevimba mukono. Nimemushauri akojolee juu yake kila asubuhi. Nasikia anafanya.
Nimemwibia Mbayo kiti, mchana, yeye mwenyewe akiangalia. Kiti cha babake. Nimekibeba kichwani huku nikiimba. Ameniambia: «Kaa nacho, Papa. Mugongo wako unauma.»
Nimekirudisha. Nimekiweka mulangoni, nimekipiga teke mpaka mukono mumoja umelegea. Halafu nimeupigilia misumari.

Jumapili, 17 oktoba
Mvua. Ilitoka ziwani na radi, ikapiga mabati kama inadai kitu. Mwembe wa Mama Sango umepasuka katikati. Watu walijificha, mimi nilitoka nje. Baridi kwenye makovu, vizuri.
Baada ya mvua nimeangalia shina. Jicho moja jekundu la chipukizi. Chini yake lingine. Nimepiga magoti kwenye tope, nimeyanusa. Hayanuki kitu.
Halafu nimechungulia kwa Mbayo, nilitaka kumwambia. Hakuwepo. Chini ya ukuta, upande wake, amechomeka vijiti mustari mumoja. Vya Mama-mukwe. Alivichukua siku ile ile. Kabla ya mimi kufika alikuwa ameshaiba mbegu, mwizi huyu, muntu wa bandari, mikono ya magunia. Na amechomeka vingi kichwa chini. Ndoano zinaangalia mbinguni. Vile vitaoza.
Nimeshuka ukutani. Sina haki ya kumutukana.

Jumanne, 19 oktoba
Nimekwenda kwa Mbayo. Sikupiga hodi. Mutani hapigi hodi, na kama si mutani tena, basi ni mwizi, anipige.
Alikuwa ameketi kwenye kiti chenye misumari yangu. Pansima imetoka, kovu linatoka kwenye nywele mpaka kwenye nyusi. Mimi njo nililiandika. Sikumusalimia. Nilipiga magoti, nikang'oa kijiti, nikakigeuza, nikakichomeka. Kingine. Miiba imenirarua vidole, damu imeingia kwenye shimo pamoja na kijiti. Sikutumia kitambaa.
Nilipofika katikati Mbayo alisimama. Nilikunja shingo, nikangoja kipigo. Nilikitaka.
Alileta maji kwenye kopo, akamwagilia vile nilivyomaliza, kimoja kimoja, nyuma yangu. Akarudi kukaa.
Nimetoka bila kwaheri.

Jumapili, 12 desemba
Maji ya ndagala. Paka. Jiwe.
Jana jioni shada la kwanza lilikuwa limefunguka. Moja tu, kwenye ncha ya tawi jipya, juu ya ukuta. Zambarau ya nguo iliyooshwa sana, na jicho la manjano katikati. Nilikuwa nimelipanga: kanisani hapana, kwenye kaburi la Feza.
Asubuhi halipo. Limekatwa kwa kisu.
Mbayo kwenye kiti. Kofia kichwani, shada langu kwenye kofia, limening'inia juu ya kovu. Nimesimama na ndoo.
«Unaangalia nini, mbuzi? Utakula na kofia?»
Nimekaa chini, pale pale kwenye tope. Yeye akaendelea: shada lijalo ataliweka kaburini kwangu, na atalala ndani ya shimo mpaka wamupe chupa mbili, kwa sababu ya jinsi ninavyonuka samaki. Akatoa kitu mufukoni, akanionyesha. Jino langu. Bado analo.
Ndoo ilikuwa na maji nusu. Nusu ya nusu nimemumwagia. Iliyobaki nimemupa Mama-mukwe.
Mchana tumeenda kwa Feza wote wawili. Yeye na kofia yake.