Ulinifundisha Kuingia Kinyumenyume

Mkuyuni, Mwanza

Babu Lubango,

Shikamoo sikupi leo. Miaka minne nimekupa bila kukosa, hata kwenye simu, na wewe ukaipokea kwa ile marahaba yako ndefu ya mtu anayepuliza chai. Leo nimefunika cherehani, sare za watoto wa watu zimerundikana hapa mezani, na nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia na sasa huna pa kukimbilia.

Habari za huku kwanza. Daraja la Busisi limefunguliwa. Wewe ulituacha bado tunapanga foleni ya kivuko, unalalamika miguu inavimba, unasema daraja hilo hutaliona. Kweli hukuliona. Kikundi chako cha ngoma kimesambaratika, wawili wanaendesha bodaboda na yule mpiga filimbi amehamia Geita kwenye dhahabu. Mimi bado niko kwenye fremu yangu ileile, nashona. Na mwezi uliopita, Babu, nilikwenda kwa baba yangu.

Unakumbuka nilivyokujia? Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na sita, Msukuma wa jina tu. Baba alifariki sijaanza kutembea, mama akagombana na ndugu za baba msibani, akanibeba mgongoni akaja mjini kuuza dagaa. Mama yangu Mhaya, Kisukuma angekitoa wapi? Tukaishi kwa Kiswahili. Sasa siku moja akaja mama mmoja mzee na kitambaa chake, akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani umeshindaje, mama. Nikabaki nimemkodolea macho, tepu shingoni. Akaniuliza jina, nikasema Milembe. Akacheka. "Jina hilo umeliazima kwa nani?" Alipoondoka nilifunga mlango nikalia, mtu mzima na akili zangu.

Ndipo nikasikia kuna mzee anawasimulia wageni historia ya Wasukuma kwenye hoteli moja kule ufukweni. Nikakukuta nyuma ya jiko, unawamba ngoma. Nikakuambia, "Mzee, nataka kujua kwetu." Ulinitazama muda mrefu, mpaka nikaona aibu. Kisha ukasema, "Wageni nawapa maganda. Wewe nitakupa kiini." Ukaniambia nisije kabisa kutazama maonyesho yenu, kule ni maganda matupu. Nikaona nimeheshimiwa mno.

Kila Jumapili baada ya misa ulikuja. Nilijaza kaunta buku tano. Majina ya ng'ombe kwa rangi zao, vikundi viwili vya ngoma vinavyoshindana baada ya mavuno, jinsi ya kurusha jembe hewani na kulidaka bila kupoteza mdundo. Nikikosea mguu ulikuwa unacheka mpaka unakohoa: "Mayu, huo mguu wa Bukoba huo!" Na michembe yangu ya viazi vilivyokaushwa, niliyoipika na karanga, ulikuwa unaichota kwa vidole unaimaliza yote, unaniachia supu. Nilikupenda, mzee wewe. Hilo nalisema wazi ili ujue hasira hii imetoka wapi.

Halafu ukanipa kile ulichokiita kikubwa kuliko vyote. Ukasema mtoto aliyepotea akirudi kwa baba yake huingia kinyumenyume, hatua tatu, chungu cha mtama kichwani, ili wazee waliolala waujue mwendo wake kabla ya kuona sura. Mimi si mjinga. Nilikuuliza, "Babu, si wanasema wachawi ndio wanaoingia kinyumenyume?" Ukaweka kikombe chini. Ukanitazama kwa huruma. "Hayo wazungu ndio waliowaingizia vichwani, mayu. Walitaka mwone aibu kwa mizimu yenu, wakasema ni uchawi."

Nikaona haya! Eti nimebeba kichwa cha mzungu miaka yote! Na tangu siku hiyo kila nilipouliza jambo lisilokaa sawa, jibu lilikuwa hilohilo. Ulinijua vizuri. Mtu aliyekuja kugundua ukubwani kwamba shuleni walimficha mambo ya kwao, ukimwambia na hili pia walikudanganya, hakuombi ushahidi. Anakushukuru.

Ukafa. Nikapanda meli kwenda Nansio kukuzika, nikakuta huko wanakuita Magesa. Magesa! Dada yako akanieleza, bila kujua ananieleza nini, kwamba ulikuwa mpishi wa hoteli Mwanza miaka ishirini kabla ya kuanza mambo ya ngoma, na kwamba nyumbani Ukerewe ulikuwa hukanyagi. Nilimeza. Nikajiambia mtu anaweza kuzaliwa Mkerewe akajua ya Wasukuma kuliko wenyewe. Nikakutupia udongo wangu, nikakuaga kwa Kisukuma ulichonifundisha. Watu walikuwa wanaimba kwa Kikerewe, sikuelewa hata neno.

Sasa sikiliza uliponifikisha.

Dada yake baba, Senge kama wanavyomwita shangazi kule, alipata namba yangu kwa mteja wangu mmoja. Akapiga. "Mtoto wa kaka yangu, njoo." Nikapita daraja, nikashuka Sengerema, nikachukua pikipiki mpaka kijijini, chungu nimekipakata njia nzima kisivunjike. Walikuwa wamejaa uani, wamechinja, wamevaa. Watu wasionijua wamevaa kwa ajili yangu. Nikasimama mbele ya mlango wa nyumba ya baba, nikaweka chungu kichwani, nikaupa mlango mgongo, nikaanza.

Hatua ya kwanza, vigelegele vikakatika. Ya pili, mama mmoja akamnyakua mtoto wake akamvuta nyuma ya gunia. Mzee aliyekaa kwenye kiti cha uvivu akasimama akatamka neno la Kisukuma la mchawi. Nililijua, ulinifundisha. Wewe unaijua nchi hii, Babu. Unajua mwanamke anaweza kupoteza maisha yake kwa jambo dogo kuliko hilo, akiwa mzee tu na macho yake mekundu ya moshi wa jikoni. Na mimi nilikuwa pale, mgeni, narudi nyuma kuelekea giza la nyumba ya marehemu, huku nikitabasamu. Nilikuwa natabasamu! Nilidhani wamenyamaza kwa heshima.

Nikahisi mikono mabegani kutoka mlangoni, nyuma yangu. Senge. Akanigeuza kwa nguvu, chungu kikaanguka, mtama ukamwagika wote na kuku wakaufuata hapohapo. "Geuka, mtoto wa kaka," akasema. "Huku kwetu watu huingia kwa uso. Tukuone."

Nikawaeleza nani amenifundisha. Baba mdogo mmoja akajipiga paja. Alikuwa mlinzi pale hotelini zamani. "Yule mpishi? Yule aliyekuwa akiwaingiza wazungu kinyumenyume kwenda kula chakula cha usiku, vikapu vichwani, wanapiga makofi?" Basi wakacheka. Uani kote wakacheka, ile hofu ikawatoka kwa kicheko, hata Senge alijifuta machozi kwa kanga. Ni mimi tu niliyekuwa sina cha kucheka. Ndiyo, Babu. Hicho kiini chako. Ulinipa kitu kilekile ulichowapa wageni kabla hawajala samaki wao.

Nikamwuliza Senge, nilitakiwa nifanye nini basi? Akashangaa. "Usalimie. Useme jina la baba yako. Kwani kuna nini kingine?"

Jina la baba yangu ninalo tangu utotoni. Liko kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Miaka minne, Babu, kaunta buku tano, na nilichohitaji nilikuwa nacho siku ile nilipokukuta nyuma ya jiko.

Walinilisha, Mungu awabariki, walinionyesha kaburi. Lakini yule mzee wa kiti cha uvivu hakula nami. Alihamisha kiti chake mpaka chini ya ukuta wa mbali, na nilipoaga alijifanya hasikii. Wewe ndiye uliyenipatia hilo. Lilikuwa nusu ya hofu yangu maisha yangu yote, kwamba nitakwenda kwa baba na mtu fulani ataniona si wao.

Laiti lingekuwa langu peke yangu. Kuna watoto wa Jumamosi, wale ninaowafundisha ya kwetu hapa kwenye fremu. Ulikuja mwenyewe kuwaona, ukawabariki kwa mate kidogo, wakaruka. Watoto ishirini na wawili wa hapa mtaani, wazazi wao kama mimi, wamepotelea mjini. Miaka miwili wananiingilia mlangoni kinyumenyume wakicheka, wakigongana. Na shule zilikuwa zinakaribia kufungwa. Krismasi wanapelekwa vijijini, Magu, Misungwi, Kwimba, kwa mabibi wasiowajua vizuri. Nikawa namwaza mtoto mmoja anafanya vile mbele ya mlango wa bibi yake. Wiki ile nilimshonea mteja mfuko wa shati mgongoni.

Nikawaita wazazi. Nikasimama kati ya majora ya vitambaa nikasema, "Nilichowafundisha watoto wenu si cha Wasukuma. Kilitungwa hotelini kwa ajili ya wageni. Mimi sikuuliza, nikaamini." Mama Neema, unamjua, yule mwenye genge la nyanya, akainuka. "Mwaka jana nilikuuliza kama huu si uchawi. Ukaniambiaje?"

Nilimwambia hayo wazungu ndio waliowaingizia vichwani. Neno kwa neno, na ile huruma yako ya kuweka kikombe chini niliiga pia. Nilimfanya mama wa watu aone haya mbele ya wenzake, kama ulivyonifanya mimi. Nikamwomba radhi, akachukua mwanawe akaondoka, na familia nane zikamfuata.

Kabula, yule mdogo mwenye pengo, uliyekuwa ukimpa pipi, akauliza, "Kwa hiyo babu alikuwa mwongo?"

Wazazi waliobaki wakanitazama. Nilitaka kusema alisahau, nilitaka kusema alichanganya mambo kwa uzee. Nikasema, "Ndiyo." Mtoto akalia kwa uchungu kweli, maana alikuwa anakupenda, na mimi nikalia naye, nikiwa nimekasirika hivyohivyo.

Baada ya hapo nilimwomba Senge aje. Akaja kwa basi, Jumamosi iliyopita, na gunia la viazi. Akakaa kwenye kigoda changu, watoto kumi na watatu chini. Kabula akanyoosha mkono, akauliza kwa nini ng'ombe mwekundu ana majina mawili. Senge akafikiri, akajikuna kichwa chini ya kitambaa. "Hilo silijui," akasema. "Nitamuuliza mkubwa wangu nikirudi." Akaendelea na mengine. Hakuna aliyemdharau. Watoto wakaandika.

Nilitoka nje, nikasimama karibu na wauza mitumba mpaka nikapumua. Maana hilo "silijui" lake ndilo lililoniuma zaidi ya kuku na mtama na kicheko chote kile.

Tunapitia kaunta buku zako sasa, mimi na Senge, kwa simu, chaki yangu nyekundu ya vitambaa mkononi. Si uongo wote. Majina ya ng'ombe mengi ni ya kweli, nyimbo za jembe karibu zote, na nilipomwimbia amekiri kuna moja hajawahi kuisikia ikiimbwa vizuri hivyo. Kwa hiyo na wewe kuna siku ulikaa chini mahali ukamsikiliza mtu. Huenda pale jikoni, ukiosha masufuria, kuna Msukuma alikuwa anaimba. Sijui, na wewe hukusema. Hukuniambia hata neno moja la Kikerewe. Kwenu ulikuwa nako, mzee, mahali pazima na watu wake na nyimbo zake, ukakaa nami Jumapili zote hizo ukijifanya wa kwetu.

Nakuaga basi. Sitakusema vibaya mtaani, ila nikiulizwa sitakupamba. Nakuahidi kila ninachowafundisha watoto hawa kuanzia sasa nitawatajia nani ameniambia, na kilichotoka kwako nitasema kimetoka kwako, cha kweli na cha kutunga. Na mwezi wa pili nitapanda meli nije Nansio kupalilia kaburi lako. Safari hii nitamwuliza dada yako kwanza mtu anatakiwa afanyeje.

Ungeniambia tu hujui, Babu. Siku ile ya kwanza, ngoma ikiwa mapajani, ungesema, "Mayu, ya kwenu mimi siyajui." Ningekupenda hivyohivyo, na kesho yake tungepanda gari wote wawili, twende tukaulize.

Milembe