Kitunguu Kilichomlaza Chifu

Bofa, Kilifi

Kwa mke wangu, Mama Shee, huko Siyu,

Amani iwe juu yako na juu ya wote waliomo nyumbani. Vipi goti lako? Ile dawa ya kuchua imefaa, au bado washuka ngazi kwa kushika ukuta? Mimi ni mzima na nguvu ninazo. Vijana wa huku wakiniona nabeba mtungi wa gesi peke yangu, hunyamaza. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu aniandikie. Herufi zaenda upande, lakini ni zangu. Simu sikuitaka, kwa kuwa wewe ukipigiwa waifungua sauti mpaka jirani aitikia salamu, na haya si ya jirani.

Mama Shee, mimi mpaka sasa nimeshtuka. Nimeishi miaka yote hii, nimepika mpaka mvi zikaniota jikoni, sikujua kwamba kitunguu chaweza kuua.

Wamjua mama ninayempikia, yule mjane wa bara aliyekuwa mwalimu. Na mbwa wake nilikusimulia, aitwa Chifu, na paka wetu amshinda ukubwa. Nilipoingia kazi tuliwekeana sharti: mimi ni Mwislamu, mbwa simshiki, sahani yake siioshi, naye asivuke mlango wa jiko. Mama alikubali vizuri tu. Chakula alimpa mwenyewe, punje kavu kutoka kwenye mfuko wenye picha.

Sasa, mama akaletewa habari kwamba dada yake amefariki huko bara. Akafunga mzigo huku analia. Mlangoni akanipa ule mfuko, umebaki makombo, akaniambia niende nao kwenye duka la dawa za mifugo nikanunue kama huo huo: wa mbwa wadogo, punje ndogo, na nyama iwe ndiyo ya kwanza kuandikwa. Akasema, “Mzee Athman, Chifu namwacha kwako.” Akaondoka.

Nikaenda. Muuza duka akasema huo umekwisha, ila anao mwingine. Akavuta gunia lililokuwa wazi, wadudu wanatembea juu, akachota kwa kopo. Punje moja ni kama kungumanga! Nikamuuliza, mbwa mwenye meno kama chembe za mchele atazitafuna vipi? Akasema mbwa ni mbwa. Nikamwachia gunia lake. Hapo nilikuwa na akili, na hata daktari baadaye alinisifu.

Lakini njiani nikasema moyoni: mimi, Athman, niliyepika harusi za Siyu mpaka Faza, masufuria yanayokorogwa kwa kasia, nishindwe kulisha kitu cha ukubwa wa dafu? Na huyu ni amana. Mtu akikuachia amana humpi pungufu ya unachokula wewe. Basi nikapika pilau. Wewe waijua pilau yangu, rangi yake haitoki kwingine ila kwenye kitunguu. Nikavikaanga mpaka vikawa kama hina iliyokolea, nikatia kitunguu thomu, nikatia na zabibu kavu za mama. Nikampakulia Chifu kabla yangu.

Alikula, Mama Shee! Alilamba sahani mpaka ikasogea hadi ukutani. Nikampikia tena, na tena. Karisa, bawabu wetu, Mgiriama mmoja mcheshi, akasimama akitazama. Akaniambia, “Mzee, mama akirudi mwambie nami nataka kazi ya umbwa.” Nikamwambia apeleke habari nyumba za jirani, waje waone mbwa anayekula kama bwana harusi.

Baada ya siku chache Chifu hakuja kula. Nikamwita, akanyanyua kichwa akakirudisha. Karisa akamfunua mdomo, fizi zake nyeupe kama nazi. Alipokojoa pale pale alipolala, mkojo ulikuwa rangi ya kahawa. Karisa alikuwa akimtafuta mwenye tuktuk kwa simu, na mimi nimesimama nimeshika kiuno, namngoja mtu mwingine amwinue. Hapakuwa na mtu mwingine. Nikaivua kofia yangu, nikaiweka dirishani, nikamwinua. Mimi. Kwa mikono hii. Moyo wake ulikuwa wapiga kifuani mwangu mbio mbio, na mwili hauna uzito wowote.

Daktari wa wanyama ni binti wa Takaungu, ana mtandio wake kichwani. Akaniamkia, “Shikamoo, babu,” nikaitikia, akamchukua Chifu bila kusita. Akamtazama fizi, akamtazama macho, akaniuliza amekula nini. Nikamjibu kwa kifua mbele kwamba amekula pilau yangu mwenyewe.

“Ina kitunguu, babu?”

“Pilau isiyo na kitunguu ni wali wa mgonjwa.”

“Basi kitunguu ndicho kinachomuua,” akasema.

Nikabishana naye. Wanijua. Nikamwambia mbona mbwa wa jalalani wala mabaki ya harusi na wadunda tu? Akasema nao hudhurika, ila wana miili, na hula mara moja wakapita. Huyu ni kiganja cha nyama, na nimemlisha siku mfululizo. Kitunguu chaivunja damu yake ndani kwa ndani, kibichi au cha kukaanga ni mamoja. Thomu hivyo hivyo. Zabibu kavu nazo zaharibu figo. Kila alichotaja nilikuwa nimekitia. Nikatafuta pa kukaa.

Akamtundikia maji, akamchoma sindano, akasema hawezi kuniahidi. Akaniambia nimpigie mwenye mbwa.

Nje Karisa, aliyekuja nasi kwenye tuktuk, akanivuta pembeni. Akasema mama yuko matangani, tungoje azike kwanza, na akirudi tuseme Chifu aliokota uchafu ufuoni. Nani atajua? Nami nakwambia kweli, Mama Shee, nililiona ni neno zuri. Lakini mbwa akifa, mama awe amefiwa mara mbili na mara ya pili amedanganywa? Nikapiga. Nikasikia watu wanaimba nyuma yake. Nikamwambia, “Mama, Chifu ni mgonjwa sana. Mimi ndiye niliyempa kitunguu.”

Nikasikia kuimba kunafifia, amejitenga na watu. Kisha akauliza, “Yuko hai?”

“Yuko hai.”

“Basi kaa naye. Akiwa peke yake huogopa.”

Nikakaa naye. Akalaza kidevu chake hapa kwenye kifundo cha mkono, nami sikuuondoa. Kwenda kuswali nilijitwahirisha kwa maji na udongo kama sheria ilivyo. Yule binti akacheka, akasema yeye hufanya hivyo kila siku ya Mungu. Nikarudi nikakaa tena.

Chifu alipoanza kusimama, daktari akanifunza, nami nikashika. Mfuko uwe umefungwa na tarehe haijapita, punje ndogo, nyama itajwe mwanzo, na apewe kidogo kidogo, maana tumbo lake ni kama kikombe cha kahawa. Nikaenda duka jingine, nikamwambia muuzaji anisomee Kizungu cha vilivyomo, neno la kwanza. Akasoma, “Mahindi.” Nikamwambia weka chini. Akasoma mwingine, “Mahindi.” Weka chini. Akaniuliza, “Mzee, wewe wanunua au wanitahini?” Nikamwambia soma. Tulipofika kwenye kuku nikamwambia funga huo. Watu nyuma yangu walikuwa wamepanga foleni wanaguna, sikuwajali.

Siku mama aliyorudi nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwenye begi, nikaliweka langoni. Nilijua nafukuzwa, na sikutaka nitolewe kama mwizi. Akashuka, akanipita, akaenda moja kwa moja kwa Chifu. Akamfunua mdomo, fizi nyekundu. Akamkumbatia kitambo. Kisha akaingia jikoni, nikasikia afungua kabati moja baada ya jingine. Akatoka.

“Mzee Athman, mbona jikoni hakuna hata kitunguu kimoja?”

“Nimevitupa vyote, mama.”

Akalitazama begi langu pale langoni, akanitazama mimi. “Na sisi tutakula nini?”

Nilikwenda sokoni na begi lenyewe, nikarudi nalo limejaa vitunguu, nguo zangu nimezibeba mkononi.

Basi, paka wetu. Nilimuuliza binti wa Takaungu, akasema paka ndio hudhurika zaidi. Mama Shee, tangu leo mabaki ya mchuzi usimtupie. Mpe samaki mtupu, aliyetolewa mwiba.

Nisalimie mwanangu Shee na mkewe, na mjukuu wangu mwambie babu yake hajambo. Msalimie dada yako anayekukanda goti. Shemeji yangu Kombo, kaka yako, msalimie pia, lakini haya usimwambie, kwa kuwa naye ajiita mpishi na atayatembeza kisiwa kizima. Mwambie tu Athman anapika, na anaowapikia wako hai.

Ni mimi mumeo,
Baba Shee