Damu Inakwenda Wapi?

Jumatatu, 9 Juni
Nimepuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho ya upande wa barabarani. Safu nne, nikakaa chini. Mwaka jana nilimaliza shamba zima kabla ya adhuhuri. Uzee huu. Somoe anasema wanaume wa Kitomanga hawazeeki, wanadeka tu. Mke wangu ana mdomo.

Jumatano, 11 Juni
Kliniki ya presha, Lindi. Kila miezi sita wananitoa damu, nachukua vidonge, naondoka. Leo kuna daktari mpya, binti mdogo. "Shikamoo, mwalimu. Kaa kidogo." Wingi wa damu yangu bado uko ndani ya kiwango. Ila mwaka jana ulikuwa juu, Januari ukashuka, sasa umeshuka tena. Nikasema nitakunywa rosela, iongeze damu. Akasema, "Samahani, mwalimu. Mwanamke damu humtoka kila mwezi. Yako wewe inakwenda wapi?"
Akanipa kikopo, nilete choo kipimwe. Miaka yote hiyo ya ualimu, leo nimetoka na kikopo mkononi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jumatatu, 16 Juni
Nilipeleka choo maabara. Kina damu ambayo jicho halioni. Daktari kataja saratani, akaongeza haraka kwamba huenda si yenyewe. La pili sikulisikia. Anataka niende Dar, wakaangalie utumbo kwa kamera. Nikauliza inapitia wapi. Nimejuta kuuliza.

Jumamosi, 21 Juni
Siendi. Siumwi popote. Shemeji Hamisi anasema ugonjwa huamka ukiguswa na kisu. Maneno yamenipendeza, nikamkaribisha chakula. Somoe kapakua kwa kishindo. Hamisi alipoondoka akaniambia, "Wewe unaogopa aibu. Mimi naogopa eda."
Nimelia. Naandika kwa kuwa hakuna anayesoma. Nitakwenda.

Jumanne, 15 Julai
Dar, kwa binti yetu Zuhura. Jana kutwa nilikuwa chooni, dawa ya kusafisha tumbo haina adabu. Leo kamera. Walinichoma sindano, sikujua lolote. Aibu niliyoiogopa mwezi mzima nimeilalia usingizi. Wameona uvimbe kwenye utumbo mpana. Mdogo. Wamekata kipande wakapime.

Jumatatu, 28 Julai
Ni saratani.
Nimeliandika. Daktari wa upasuaji anasema inaonekana changa, na mahali ilipo inakatika. Somoe kauliza maswali yote, mimi nilitazama viatu vyangu. Naogopa. Sina namna nyingine ya kusema.

Jumatano, 13 Agosti
Wameshakata, juzi. Tumbo linauma hata nikikohoa. Leo nimejamba, manesi wakafurahi kana kwamba nimefaulu mtihani. Ni dalili kuwa utumbo umeanza kazi. Somoe kacheka mpaka akashika ukuta. Sijamwona akicheka hivyo tangu Juni.

Ijumaa, 29 Agosti
Majibu. Haijatoka nje ya utumbo. Tezi zote walizozitoa ni safi. Sihitaji mionzi wala dripu za saratani, ila nitapimwa mara kwa mara. Daktari kasema, "Ungengoja mpaka uumwe, mzee, leo tungekuwa na mazungumzo mengine." Somoe kasema alhamdulillahi, kisha akaomba soda baridi. Nimempigia yule daktari binti wa Lindi. Kacheka tu. Nadhani alikuwa analia.

Jumapili, 14 Septemba
Nimechoka kulala. Nimechoka uji. Zuhura naye kachoka na mimi. Kheri, ni uchovu wa mtu mzima wa afya.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nyumbani. Tangu upasuaji nimekuwa nikiswali kitini. Wiki hii nimeruhusiwa kuinama, taratibu. Leo msikitini, baada ya Ijumaa, watu walipokuwa wanatoka, nilikisogeza kiti ukutani nikasimama kuswali sunna. Nikashuka polepole. Mshono ukavuta kidogo, ukaachia. Paji la uso likagusa mkeka.
Nimekawia kuinuka.