Kambi ya Wasiolala

Jumatano, 3 Juni
Usiku wa tano wa kambi ya mtihani wa Taifa. Tuko kumi na mmoja katika sebule ya shangazi yake Yosua, Kimanga. Yosua ni prezida wa kambi, alijichagua mwenyewe. Sheria yake: hakuna kulala. Kila mtu miguu ndani ya beseni la maji, ili baridi ifukuze usingizi.

Jana saa tisa usiku wenzangu walikariri somo la ubongo kwa sauti, kama kwaya. Hipokampasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo, hupokea mambo mapya ya mchana. Tukilala, huyarudia kwa korteksi, gamba la juu la ubongo, usiku baada ya usiku, mpaka korteksi iyashike yenyewe.

Tukilala! Walisema hivyo huku wakijipiga makofi wasisinzie. Hakuna hata mmoja aliyesikia maneno ya kinywa chake. Kasuku wangeona haya.

Alhamisi, 4 Juni
Nimetoa miguu yangu majini. Nikawaeleza sababu. Yosua akasema, "Weye iko mvivu tu. Enda kulala, docta ya usingizi!" Wote wakacheka, hata Riziki, mwenzangu wa dawati. Nalala saa tatu usiku nyuma ya pazia. Nawadharau wote.

Ijumaa, 5 Juni
Riziki ananiudhi kuliko wengine. Alianguka mtihani huu mwaka jana. Baba yake, mkulima wa Lubarika, amesema akianguka tena anarudi shambani, kwisha. Mtihani wa sayansi ni Jumatatu. Naye ameketi pale usiku wa saba, macho mekundu, anamtii Yosua, ambaye leo alitafuta kalamu yake dakika kumi huku ameishika.

Ujinga wa kujitakia. Nimemwambia hivyo mbele ya watu.

Jumamosi, 6 Juni
Yosua alitaka kuniaibisha. Akatuita mmoja mmoja: eleza njia ya kumbukumbu bila daftari. Niliisema yote, nikasahau jina moja tu. Nilifurahi vibaya.

Kisha Riziki. Alisema "hipokampasi", akakwama. Akasema tena "hipokampasi". Akatazama mikono yake, kisha mimi.

"Dada, miye nilikuwa najua. Ilikuwa iko."

Mtu akacheka. Nikamtazama, akaacha. Yosua alipofikiwa na zamu yake alidai ana homa. Mwoga.

Nilimwaga maji ya Riziki uani, nikampa mkeka wangu. Akalala miguu ikiwa bado na maji. Mmoja akainuka kumwaga ya kwake, kisha mwingine. Yosua alikuwa wa mwisho, akisema ni kwa sababu ya homa.

Jumapili, 7 Juni
Saa mbili usiku, wote wamelala. Yosua anakoroma kama pikipiki inayopanda mlima. Mimi siwezi. Wamelala kwa neno langu. Somo linasema tulale. Halisemi kama kulala mara mbili kunatosha kwa mtu aliyekesha wiki nzima. Sikufikiri hilo nilipokuwa nawacheka. Nikiwa nimekosea, si mimi nitakayekwenda kulima Lubarika.

Jumatatu, 8 Juni
Saa kumi na moja alfajiri. Nimeamshwa na sauti ndogo. Riziki, amelala chali, amefumba macho, anaisema njia yote toka mwanzo. Polepole. Nilitega sikio nikitafuta kosa.

Sikulipata.