Dawa ya Woga Niliyokupa

Faida, binti yangu,

Sijui uko wapi. Wengine wanasema walikuona Kalundu, bandarini, umelala kati ya magunia ya samaki wa ndagala jua likiwa utosini. Wengine wanasema ulipanda mtumbwi wa injini ukaenda upande wa Baraka. Barua hii naitoa wazi. Nimeomba ibandikwe mlangoni pa kanisa, asome kila mwenye macho, hata wale wanaonisema. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa primere, kwa hiyo usicheke maandiko yangu. Na usikunje uso. Leo sikugombezi weye peke yako.

Watu wanakimbia tena. Tangu jana wanapita hapa kwenye avenue yetu, magodoro kichwani, wametoka Luvungi, wametoka Mutarule, na hakuna anayesalimia. Ukiwauliza wanakujibu bila kusimama: "Wanakuja." Basi. Mbwa wa majirani wameacha kubweka, sijui wamekwenda wapi.

Leo asubuhi watu wa avenue walikutana uani, kwenye parsele ya Mama Sifa, wakakubaliana. Kesho tuingie mu matete, kule mbele ya Kalundu, tungoje mtumbwi utuchukue. Barabara iko karibu sana na hayo matete, na wenye bunduki watapita hapo. Kwa hiyo, wakasema, kila mwenye mtoto mdogo amlalishe kwanza. Amlalishe na nini, hawakusema. Kila mtu anajua. Mtoto wako Riziki ana miaka mitatu na kifua chake kinakohoa bila kupumzika. Mimi nimekataa.

Weye unajua kwa nini nimekataa. Ila wanaosoma hapa mlangoni hawajui, na nimechoka kuwaficha.

Ulikuwa hujafika miaka miwili, vita ile ya kwanza. Tulijificha mu matete ya mto Ruzizi, maji mpaka kiunoni, nimekufunga mgongoni. Ukaanza kulia. Mwanaume mmoja, simjui hadi leo, akageuka akaniambia polepole, kama muntu anayeomba chumvi: "Mama, nyamazisha huyo mtoto, ao nitamnyamazisha mimi."

Nilikuwa na kichupa cha kanyanga, pombe kali, kwenye kitenge. Niliipika mwenyewe, ya muhogo na mahindi, nyeupe kama maji. Mji huu wote ulijua kanyanga yangu ukiiwasha inatoa moto wa buluu. Nikachovya ncha ya kitambaa nikakutia mdomoni. Ulikunja uso. Halafu ukanyonya. Halafu ukalala, mdomo wazi, kichwa kikining'inia, na viatu vya wenye bunduki vikapita ukingoni karibu nasi mpaka nikasikia mmoja akipiga mluzi. Mama Sifa alikuwa kando yangu na mwanae Sifa. Akanyoosha mkono, nikampa kitambaa kilekile.

Tulitoka hai, na mimi nikajisifu. Tangu siku ile kila mama wa avenue alikuja kwangu na kichupa chake. Masasi ya bunduki yakilia tu, kifuniko kimoja kwa kila mtoto, mnalala kama kuni. Tuliiita dawa ya woga. Hakuna padri aliyetukataza, hakuna muganga aliyetukataza, maana hakuna aliyeuliza. Na vita haikuwa moja. Ilikwisha, ikarudi, ikabadili jina, na kila mara vifuniko viliongezeka.

Unakumbuka ile siku ya ngurumo? Labda ulikuwa na miaka saba. Masasi hayakuwepo hata moja, ni mvua tu ilikuwa inashuka milimani. Ukaja jikoni, mikono inatetemeka, ukasema, "Mama, dawa yangu iko wapi?" Wanawake waliokuwa wanatwanga kwangu wakacheka. "Huyu iko mwanamke kamili!" Nami nikacheka, nikakupa. Nilicheka, Faida. Siku ile ningepaswa kuvunja vyungu vyote.

Ulikuwa mtoto mzuri. Ulinisuka nywele bila kuvuta hata unywele mmoja. Ulijua kuniigiza ninavyogombana na wauza samaki, mpaka nalia kwa kicheko. Halafu ukakua, na ule mkono ukaendelea kutetemeka asubuhi, na asubuhi ikaanza kukudai chupa kabla ya chai. Nikasema umeharibiwa na wapakuzi wa bandari. Nikakunyoa kichwa kwa aibu yangu. Nikakupeleka chumba cha maombi wakakufunga kamba siku nne bila chakula, nami nikakaa nje nikisikia unavyogonga ukuta. Ulipotoka uliniambia, "Mama, si mimi ninayeitaka. Ni mwili ndio unaitaka." Nikakupiga kofi. Nilidhani unanifanyia ujanja.

Muganga wa kituo cha afya, yule mama mfupi, alinieleza kuwa ni ugonjwa, mwili ukishazoea unadai kama unavyodai hewa. Akaniuliza, "Alianza kunywa lini?" Nikamjibu, "Bandarini." Nilisema bongo, uongo mtupu, mbele yako. Weye hukunisuta mbele yake. Heshima ile sikuistahili.

Halafu siku ile ya mwisho. Masasi yalilia kule juu mlimani, Riziki akalia, nikaingia chumbani nikakukuta umeshika kifuniko mdomoni mwake. Nilikuita mchawi. Nilikufukuza na mchi wa kinu mbele ya watu wote. Ukasimama kwenye mlango wa parsele, ukaniuliza bila hasira, "Sasa si weye ulinifundisha?"

Nilikutupia viatu vyako.

Jibu langu ni hili, nimelichelewesha miaka miwili: ndiyo. Ni mimi.

Leo mchana Mama Sifa alikuja na kichupa chake. Akakaa, akapangusa jasho. "Mama Faida, acha kichwa ngumu. Kijiko kimoja tu. Si wote tuliwapa? Walikufa?"

Nikamuuliza, "Sifa iko wapi?"

Faida, hujui bado. Sifa tulimzika kabla ya mvua hizi. Tumbo lilikuwa limevimba kama la mwanamke wa miezi tisa, macho ya manjano, anaomba kanyanga hata siku ya kufa, na mama yake akampa. Mama Sifa alisukuma kichupa mbele yangu. Halafu akasema, "Angalau alikufa mkubwa. Wako atakufa kesho." Akakiacha kichupa mezani akaondoka. Tumeishi ukuta kwa ukuta miaka yote hii. Sitamchukia kwa neno hilo, maana linaweza kuwa kweli.

Wamenitumia ujumbe kuwa bila kumlalisha mtoto siruhusiwi kuingia mu matete pamoja nao. Hawana kosa. Wana watoto wao. Kwa miguu siwezi, magoti yangu unayajua. Kichupa nimekimwaga chooni ili nisibadili mawazo masasi yakianza, kwa sababu najijua mimi, ni mwoga kuliko ninavyojionyesha.

Kwa hiyo tunabaki nyumbani. Nimefunga dirisha la barabarani, nimeweka godoro chini, nyuma ya kabati. Riziki namwita mke mwenzangu, naye ananijibu "Ndiyo, mke mwenza!" kwa sauti ya juu, hajui kunong'ona. Sasa hivi anakohoa. Yuko macho, kichwa chake kiko chake. Akili hiyo nilikunyima weye, yeye sitamnyima.

Ukisoma hii, usirudi sababu ya kunionea huruma. Rudi sababu ya mtoto. Njoo hata ukiwa umelewa, njoo ukitetemeka, sitakushikia mchi. Ila uje mchana. Na ukikuta mlango wetu uko wazi, usiingie peke yako. Ita watu kwanza.

Ni mimi mama yako, niliyekupa ya kwanza.