Mama, Uyachemshe Maziwa ya Salma

Ngamiani, Tanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama, na baba mfikishie shikamoo yake. Mnaendeleaje huko Kondoa? Lile goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukiinama? Sisi huku ni wazima kwa sasa. Hilo "kwa sasa" nimeliandika makusudi, utaona mbele. Salma ana miezi minane, ameota meno mawili ya chini, na siku hizi kazi yake ni kunivuta ushungi mpaka unidondoke.

Najua utajiuliza barua ya nini na simu ipo. Mama, kwenye simu nikianza tu habari hii wewe utalia, nami nitalia, na tutakata bila kuambiana kitu. Nataka maneno haya yafike yote. Zuhura mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole, na usiruke mahali hata ukiona pazito.

Salma alipofika miezi sita, kliniki waliniambia nianze kumpa chakula laini pamoja na ziwa: uji, ndizi mbivu, papai, na mtindi kidogo. Niliposikia mtindi nilicheka peke yangu. Nikasema hapa sasa wamenipata mwenyewe. Watu wa huku wanajua samaki na nazi, lakini mtindi ni wetu. Nikatoa kile kibuyu ulichonitumia nilipojifungua, nikakisugua ndani kwa kijinga cha moto kama ulivyonifundisha, mpaka kikanukia moshi wa nyumbani. Nikanunua maziwa kwa muuzaji anayepita na baiskeli asubuhi, nikayamimina mabichi, nikaziba.

Mkwe wangu, Bi Mwanakombo, alikuwa pale uani anakuna nazi. Akaniangalia.

"Rukia, maziwa hayo hujayatia motoni?"

"Ukiyachemsha hayagandi, mama. Kwetu hatuchemshi."

"Kwenu ng'ombe mwamkamua wenyewe. Huyu wa baiskeli wajua kayatoa wapi? Wajua kayatia maji ya kisima gani?"

Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Mama, niachie mimi maziwa, nami nitakuachia samaki."

Akacheka. "Haya bwana, bingwa wa maziwa!" Akarudi kwenye nazi yake.

Mtindi uliganda vizuri sana. Nikaponda papai, nikachanganya, Salma akala mpaka akaking'ang'ania kijiko. Siku tatu alikula hivyo, nami nikimringia mume wangu Athumani kwamba mtoto ameshika damu ya kwetu.

Siku ya nne aliamka wa moto. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameharisha mpaka nikapoteza hesabu, na nepi ya mwisho ilikuwa na damu. Anatapika, ziwa analikataa, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Utosi ulikuwa umebonyea, mama, kama mtu ameukandamiza kwa kidole gumba. Nikasimama na ile nepi mkononi, sijui niifue au niitupe. Bi Mwanakombo ndiye aliyemnyakua mtoto na kumpigia Athumani kelele akaite bajaji.

Hospitali nesi akaniuliza, "Mtoto amekula nini siku hizi?"

"Papai."

"Papai tu?"

"Papai tu."

Nilidanganya, mama. Mwanangu amelegea mikononi mwangu, nami naona aibu watu wasije kuusema vibaya mtindi wa kwetu. Bi Mwanakombo akanishika bega, akasema taratibu, "Sema kweli, mwanangu. Hapa hatushindani." Ndipo nikasema yote, kibuyu na maziwa ya baiskeli. Nesi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema maziwa mabichi yana vijidudu, mtu mzima anaweza kuvistahimili lakini mtoto mchanga hawezi, na kwamba maziwa kuganda si dawa ya kuviua.

Wakamtafuta mshipa mkononi wakaukosa, wakatafuta mguuni, mwisho wakaupata kichwani. Mimi nilimshika kichwa. Salma hakulia. Mtoto anachomwa sindano kichwani na halii: hicho ndicho kilichonitisha kuliko hata ile damu.

Sasa hapa, mama, nivumilie. Nilipokuwa nimekaa pale nikitazama yale maji ya dripu yakidondoka, nilimkumbuka marehemu mdogo wetu Idi. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kula. Macho yake yaliingia ndani vilevile. Nyumbani watu wakasema ni meno. Sikuulizi kitu, na usinijibu. Wewe ulimpa Idi kile ambacho bibi alikupa wewe, kwa mapenzi, kama mimi nilivyompa Salma kwa mapenzi. Kama ni kosa basi ni letu sote wawili, silitupi kwako peke yako. Ila mimi sasa nimeambiwa, na nikishaambiwa siwezi kukaa kimya.

Siku ya tatu pale wodini Salma alifungua macho, akaanza kunipapasa kifuani. Bi Mwanakombo akapiga kigelegele mpaka wakamnyamazisha. "Ameamka mke mwenzangu! Haya bingwa, wangoja nini, mpe ziwa!" Nikacheka na kulia kwa pamoja. Tukaruhusiwa baada ya siku mbili.

Usidhani nimeacha mtindi. Nesi alisema mtindi wenyewe si mbaya. Na tulikuwa tukiamini kwamba yaliyochemshwa hayagandi. Yanaganda, mama, nimeona kwa macho yangu. Nayachemsha mpaka yapande juu, nayaacha yapoe hadi kidole kivumilie, kisha natia kijiko kimoja cha mtindi wa dukani, ule wa pakiti, nakoroga. Bakuli nimeshalisuuza kwa maji ya moto. Nafunika, naliviringisha kwa kanga, asubuhi yameshika. Kibuyu sikitumii kwa Salma, maana ndani mkono haufiki kuosha. Tunda naliosha kabla ya kulimenya, iwe papai, ndizi au embe, naliponda kwa uma na kuchanganya na mtindi papo hapo. Sukari sitii. Asali msimpe kabisa, hata kumlambisha, mpaka apite mwaka. Kinachobaki nakula mimi, hakilali.

Hata hivyo naogopa. Kila kijiko nakinusa kabla hakijafika kinywani mwake. Akicheua, naupapasa utosi wake. Naosha bakuli safi mara ya pili, nasahau nimeliosha, naosha tena. Athumani anasema, "Utamfanya mtoto aogope kula." Huenda ni kweli. Nimechoka, mama, na cherehani inaningoja, nguo za watu zimelala.

Sasa lile tulilokubaliana: Salma akitimiza mwaka nimlete kwako akae umlikize, umwachishe ziwa, kama bibi alivyotulikiza sisi, nami nirudi kazini. Imebaki miezi minne. Nataka iwe hivyo. Nataka akujue, ajue harufu ya nguo zako. Lakini nitamleta mwenyewe na nitakaa wiki mbili, na sitaki uchemshe kwa ajili ya kunifurahisha mimi mgeni, halafu nikipanda basi mambo yarudi yalivyokuwa. Usiseme watu wa Pwani wameniharibu. Ukiona huwezi, sema huwezi, sitakasirika. Ila Salma atalikizwa hukuhuku, na Bi Mwanakombo. Najua neno hilo litakuuma. Nimelifuta mara mbili, nikaliandika tena.

Nisalimie baba, umwambie mjukuu wake ana kelele kama zake. Nisalimie kaka Jumanne na ng'ombe wake, asinielewe vibaya, maziwa yake nayapenda. Shangazi Mariamu aliyenifundisha kushona mwambie bado naikata kanzu kwa kipimo chake. Zuhura, asante kwa kusoma. Ukimwona mama ananyamaza, mpe maji kwanza.

Barua hii naituma kwa dada jirani anayesafiri kuja huko. Ikishasomwa nipigie. Usianze na habari za mvua wala za goti, hizo tutaongea baadaye. Niambie tu kwamba utachemsha. Kwa sauti yako mwenyewe, mama, si kwa ujumbe wa Zuhura. Simu itakuwa mfukoni mwangu siku nzima, na mpaka niisikie hiyo sauti nitakuwa naogopa.

Ni mimi binti yako,
Rukia, mama Salma