Magoti ya Pacha Wawili

3 Machi

Kaka Fito,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sote wazima, isipokuwa goti langu la kulia. Wewe na shemeji hamjambo?

Kaa chini kwanza! Juzi nilikuwa natoa mikate kwenye tanuri, goti likakataa kunyooka. Nikabaki nimeinama na trei mkononi kama mtumwa mbele ya mfalme. Hospitalini daktari wa viungo akaniuliza kama nina ndugu. Nikamwambia ninaye pacha, tunafanana kila kitu, ila yeye mwembamba na mimi kilo mia na ishirini na mbili. Nusura aanguke kitini kwa furaha! Anachunguza unene unavyoharibu gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ili isisagane, na anatafuta watu kama sisi: damu moja, miili miwili tofauti. Njoo tupimwe, kaka. Tafadhali!

Pacha wako,
Pipa

11 Machi

Mdogo wangu Pipa,

Pole na goti. Huku kwema, shemeji yako anakusalimu. Barua yako nimeisomea dirishani pa tiketi, nikacheka mpaka abiria wakaanza kugonga kioo.

Nakuja. Waonyeshwe goti la mwanamume aliyekutangulia duniani dakika kumi na moja! Soda nne nakunywa kila siku, kutwa nzima nimekaa, na suti yangu ya harusi bado inanienea. Shida yako si goti, ni mdomo. Nilikuambia mbele ya jamaa zetu wote, ukanuna.

Kaka yako,
Fito

2 Aprili

Kaka,

Ulifika salama nyumbani baada ya vipimo? Sisi hatujambo, na mimi nina mambo, acha tu!

Majibu yangu yametoka. Gegedu limelika upande wa ndani, lakini bado lipo! Daktari anasema halina mishipa ya damu. Linalishwa na ute wa kiungo, na ute huo huingia tunapotembea, kama sifongo inayobanwa na kuachiwa. Kumbe kukaa bure nako kunalinyima chakula.

Nikamuuliza, "Kama ni uzito tu, mbona na vidole vinaniuma? Mimi sitembelei mikono!"

Akapiga meza. "Hilo ndilo swali lenyewe!"

Kumbe mafuta ya tumboni si mzigo tu. Yanamwaga kwenye damu vitu vinavyochochea uvimbe, na damu inafika kila kiungo. Sukari ikizidi ndiyo balaa zaidi, ila yangu imepanda kidogo tu. Basi nimeanza mazoezi ya bwawani. Majini mimi ni unyoya, kaka!

Majibu yako amekataa kunionyesha. Anasema ni siri yako, atakutumia mwenyewe. Niandikie upesi!

Pacha wako,
Pipa

29 Aprili

Kaka,

Hujambo? Mbona kimya? Nimepungua kilo tano, na jana nimesimama tanurini zamu nzima! Nilitaka uwe wa kwanza kujua. Nimekukosea nini?

Pacha wako,
Pipa

21 Mei

Mdogo wangu,

Nashukuru kusikia unaendelea vizuri. Hukunikosea kitu.

Bahasha ya daktari nimeificha wiki sita chini ya vitabu vya risiti. Sukari yangu iko juu kuliko yako. Mafuta yamejificha ndani ya tumbo, yamezunguka ini, na gegedu la goti limeanza kulika. Mimi, Fito! Shemeji yako hajui. Nikikumbuka nilivyokucheka mbele ya watu, natamani ardhi inimeze. Sijui nianzie wapi.

Kaka yako

25 Mei

Kaka yangu,

Salamu fupi, maana mikono ina unga na moyo unaruka. Unalia nini? Umegundua mapema! Nimemuuliza daktari bila kukutaja, akasema aliye mwanzoni ana nafasi kubwa ya kupona kuliko mimi. Soda iache leo. Shemeji mwambie leo.

Na mimi niungame. Miaka mitatu sijafika kwako nikisingizia kazi. Uongo mtupu. Ni zile ngazi. Ghorofa nne, kaka, na goti hili, nami niliona haya kukuambia.

Jumamosi nakuja, na kaptura mbili za kuogelea. Usishuke kunipokea! Nitapumzika kila ghorofa, hata kama itachukua saa nzima. Wewe acha mlango wazi. Ukisikia mtu anahema kama lori mlimani, weka maji mezani, ndiyo nafika.

Pacha wako,
Pipa